Nyoka-mfalme wa San Diego: baridi ya Julai inanitosha

Kila nikizungumza na mfugaji mwenzangu naambiwa nitafute damu ya kwingine ili rangi zing'are. Ushauri huo ndio umeharibu koo nyingi. Mimi nafuga nyoka-mfalme wa California, Lampropeltis californiae, wa ukoo mmoja wa kaunti ya San Diego, na nataka watoto wafanane na wa porini kule.

Sura peke yake si ushahidi. Nyoka mwenye rangi kamili ya porini anaweza kubeba ualbino usioonekana, uje kutokea kwa wajukuu. Kwa hiyo natazama kadi kwanza: kaunti alikotoka, mwaka, baba na mama. Kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kinatangulia hayo yote. Mtoto akitoka na mstari mgongoni badala ya pete, anabaki. San Diego aina zote mbili huanguliwa kwa mama mmoja, na mtaalamu wa nyoka Laurence Klauber alilionyesha hilo miaka ya 1930. Wa kuendeleza ukoo nawachagua kwa bahati nasibu kati ya wenye afya, maana ukichagua warembo tu, baada ya vizazi vichache una nyoka wa dukani.

Wanahitaji baridi ndipo wapandane vizuri, na hapa Nairobi imetupendelea. Juni hadi Agosti usiku hushuka hadi nyuzi 11 au 12. Tatizo ni mchana, joto linapopanda hadi 21. Dawa yake ni stoo ya ukuta wa kusini: miezi hiyo jua liko kaskazini, ukuta ule hauguswi. Nyoka, kila mmoja kwenye chombo chake, wanakaa ndani ya boksi jeupe la povu la kusafirishia samaki, lenye matundu. Mitungi miwili ya maji ya lita 20 inalala nje, alfajiri naiingiza na kuibananisha na boksi, kisha nafunga dirisha mpaka magharibi. Waya wa themometa uko ndani, unasoma 13 hadi 15. Ikizidi 18 siku mfululizo, nyoka anahangaika na kumaliza mafuta yake bure. Wiki kumi zinatosha, bakuli la maji lisikauke.

Kabla ya hapo nawanyima chakula wiki mbili wakiwa bado kwenye joto. Panya aliyebaki tumboni huoza kwenye baridi na kumuua nyoka.

Wakiamka kutoka usingizi wa baridi nawalisha dume na jike washibe ndipo nimpeleke jike kwa dume, na siondoki hapo, kwani hawa hula nyoka wenzao. Jike hujivua gamba siku kumi hivi kabla ya kutaga. Mayai nayalaza kwenye vermikulaiti ya wauza miche (punje nyepesi za madini zinazoshika maji), iliyochanganywa na maji ya uzito uleule, nyuzi 27, kwa miezi miwili na zaidi kidogo. Ndani ya inkubeta kuna chupa za maji za kutunza joto stima ikipotea. Joto likipita 30 pete hukatikakatika, halafu mtu asiyejua anadai ukoo umechanganywa.

Kila mtoto ana boksi lake lenye kufuli. Kisiwani Gran Canaria, Uhispania, nyoka hawa waliotoroka wafugaji karibu wawamalize mijusi wa huko katika maeneo waliyoyavamia. Kinda akijivua gamba mara ya kwanza nampiga picha mgongo na tumbo, naandika kadi yake, ndipo nampa kichanga cha panya.