Nangurukuru, Kivinje, Masoko, Pande

Ukipanda basi la Dar kwenda Lindi, Nangurukuru ndiyo njia panda ya kuingilia Kilwa Masoko. Mimi nikisikia utingo akiita jina hilo, nawaza miamba. Wanajiolojia wameyapa matabaka ya mashapo ya pwani yetu, yaani udongo na mchanga uliotulia chini ya maji, majina ya huku kwetu: chini Nangurukuru, juu yake Kivinje, kisha Masoko, halafu Pande. Kutoka la chini hadi la juu imepita zaidi ya miaka milioni 50.

Nikitaja miamba iliyo chini ya bahari, swali la kwanza ni gesi. Sawa. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa 1974, na tangu 2004 inazalisha umeme Dar es Salaam. Lakini imekaa ndani ya mwamba wa mchanga wa zama za Kretasia, zama za mwisho za dinosaria, na bila udongo mzito ulioufunika mwamba huo ingekwishavuja zamani sana. Mchanga unasifiwa, udongo hautajwi.

Na udongo wa Kilwa una makubwa zaidi. Ule wa kijivu unaoelekea ukijani, unaonata kwenye viatu wakati wa masika, ulitulia polepole kwenye sakafu ya bahari yenye kina cha mamia ya mita. Ndani yake mna mabaki ya foraminifera, viumbe wa baharini wadogo kama chembe ya mchanga. Nilipoweka wa kwanza chini ya darubini, nikimsogeza kwa ncha ya brashi iliyoloweshwa, gamba lake lilipitisha mwanga kama kioo. Sehemu nyingi duniani magamba ya kale kama hayo yamefifia na kuwa meupe kama chokaa, kwa kuwa maji yamepenya na kuyabadilisha. Huku udongo umeyazuia maji.

Hilo lina uzito. Oksijeni iliyo katika gamba hueleza joto la bahari ya enzi zile. Magamba yaliyobadilika yalionyesha bahari za tropiki zilikuwa za baridi kuliko inavyowezekana. Mwaka 2001 mwanajiolojia Paul Pearson na wenzake walichapisha vipimo vya magamba safi, ya Tanzania yakiwamo: nyuzi 28 hadi 32, au zaidi. Hesabu za hali ya hewa ya kale zikabidi zirekebishwe.

Walimu wa jiografia wa Kilwa, nawaomba: loweka bonge la udongo huo, lichuje kwa chekeche laini sana, likaushe, kisha wape wanafunzi darubini.