Wageni kutoka Bukini

Mwezi wa nane, kusi ikivuma, nilipanda bodaboda alfajiri kutoka Malindi mjini hadi daraja la Sabaki. Nilitaka nifike mlangoni mwa mto kabla maji hayajajaa, kwa sababu bahari ikipanda ndege hubanana kwenye mafungu ya mchanga yaliyobaki makavu, na hapo ndipo mtu huwaona vizuri.

Nilikuwa na mzee mmoja mvuvi anayeijua njia.

"Mwanangu, tupite huku juu," akaniambia. "Kwenye matete yale analala kiboko."

Tukazunguka. Maji ya Sabaki ni mekundu. Mto huu huko bara ni Athi, unashuka kutoka nyanda za juu za Nairobi. Ukikutana na Tsavo, wenye maji ya Kilimanjaro, unaitwa Galana, na kwetu pwani ndiyo Sabaki. Matope niliyokuwa nikiyakanyaga yalitoka mbali mno, na ndani yake ndimo vitwitwi, ndege wadogo wa ufukoni, hudonoa chakula chao.

Heroe, wale flamingo, walikuwa wachache. Buabua, ndege wa baharini, walijaa fungu zima, midomo yote imeelekea upepo. Lakini mimi nilikuja kwa ajili ya wengine, na mzee ndiye aliyewaona kwanza: ndege wadogo wa rangi ya udongo, mbawa ndefu zilizochongoka kama za mbayuwayu, wamelala kifudifudi mchangani hata ungedhani ni mabonge ya tope. Nikatulia na darubini mpaka mikono ikaniuma. Hawa huzaliana Bukini, Madagaska, kisha miezi ya kusi huvuka bahari kuja pwani yetu. Vitwitwi wengi nao ni wa kaskazi, kwao ni Ulaya na Siberia. Ni ratiba ile ile ya majahazi ya wazee wetu, na kila nikiifikiria moyo hunijaa.

Ghafla vijana wawili wakapita na mbwa, wakikimbia katikati ya fungu. Kundi zima likaruka. Iliniuma, maana ndege aliyevuka bahari kila anaporushwa hupoteza nguvu alizokuja kuzitafuta. Mzee akawaita kwa upole: "Wanangu, mfungeni mbwa, mpite kando. Hawa ni wageni." Wakamsikia.

Tukakaa kimya chini ya kilima cha mchanga. Buabua walirudi mapema. Wale wa Bukini walizunguka juu ya mto, wakinasa wadudu hewani, hadi maji yalipoanza kupwa. Ndipo wakashuka, watatu, kisha saba, kisha wote.