Weusi wa bodi ya pikapu yangu umerudi

Pikapu yangu ni Toyota Hilux nyeupe, na bodi yake ya nyuma imepakwa ule mpako mgumu mweusi wenye chembechembe, ambao mafundi wa mtaani kwetu hapa Dodoma huuita rangi ya mpira ingawa kwa asili yake ni poliyurethani, aina ya plastiki ngumu. Kwa miaka mitano umebeba saruji, mabati, matofali na magunia ya mahindi, na chuma kilicho chini yake hakijashika kutu, isipokuwa sehemu moja ndogo karibu na mlango wa nyuma. Kilichoniuma ni rangi. Ilianza kufifia kwenye kingo za juu katika mwaka wa pili, na kufikia mwaka huu sakafu nzima ilikuwa ya kijivu kama majivu.

Siku moja niliondoa sanduku la vifaa ambalo hukaa siku zote nyuma ya kabini, nikakuta chini yake mstatili mweusi tii, mweusi kama siku gari lilipotoka gereji. Magunia hayakuwahi kukaa pale, lakini maji ya mvua na ya kuoshea yamepita mara nyingi mno. Kitu kingine ambacho hakikufika pale ni jua.

Nililipeleka gari kwa fundi rangi ninayemwamini. Alilowesha kitambaa, akapangusa kipande cha sakafu, na pale palipolowa pakageuka peusi mbele ya macho yangu. Maji yalipokauka, kijivu kikarudi. Akanionyesha kidole chake kilichojaa unga. "Rangi haijaenda popote, kaka," akaniambia, "juu ndiyo pamekufa." Sijapata maelezo mafupi na sahihi kuliko hayo. Weusi wa mpako hutokana na masizi yaliyosagwa laini, na masizi hayaogopi jua. Kinachovunjika ni poliyurethani inayoyashika. Poliyurethani za bei nafuu zaidi hutengenezwa kwa isosianati (kemikali zinazoifanya igande) za aina iitwayo aromatiki, ambazo ni imara kwa mikwaruzo lakini miale ya urujuanimno, ile miale ya jua isiyoonekana kwa macho, huzishambulia, na tabaka la juu kabisa hugeuka unga unaotawanya mwanga kila upande, hivyo jicho huona kijivu. Maji huijaza mianya hiyo kwa muda tu. Poliyurethani za aina ya pili, za alifatiki, hustahimili jua vizuri zaidi, na ndiyo maana hugharimu zaidi.

Kwa sababu hiyo nasema wazi kwamba kupaka mafuta si kurejesha rangi. Mimi mwenyewe nilitumia dawa ya kung'arishia matairi mara mbili, na kila mara bodi ilipendeza kwa wiki chache, kisha vumbi la Dodoma likanata juu yake na sakafu ikawa na utelezi. Kibaya zaidi, dawa za aina hiyo nyingi zina silikoni, ambayo hukataa rangi mpya isishike na kuacha vishimo vidogo vya mviringo. Wapo wanaotumia oili chafu ya injini. Nawasihi waache, hasa wanaobeba chakula, kwa maana gunia la mahindi hunyonya kile lilicholalia. Mafuta ya kitani nayo hubaki na unato, na vitambaa vilivyoloa mafuta hayo vikikunjwa na kurundikwa huweza kuwaka moto vyenyewe.

Kazi yenyewe ilichukua siku tatu, na nyingi ya saa hizo zilikwenda kwenye usafi. Niliosha kwa maji ya sabuni na brashi ngumu, nikisugua kwa urefu kisha kwa upana, kwa kuwa unga hujificha nyuma ya kila chembe, na nikarudia hadi maji yanayotoka kwenye matundu ya chini yakawa maangavu. Kisha nikaondoa silikoni kwa kimiminika cha kutolea grisi: kitambaa kimoja cha kupakia, na kingine kikavu cha kuinulia uchafu kabla haujakauka, nikivibadilisha mara kwa mara. Hatua hii lazima itangulie msasa, kwa sababu msasa ukitangulia huisukuma silikoni ndani ya mikwaruzo. Nilijua nimefaulu pale maji niliyonyunyiza yalipotandaa badala ya kujikusanya matone matone.

Baada ya hapo nilisugua kwa msasa kwenye migongo ya chembe na kwa brashi ya waya mabondeni, kiasi cha kuondoa tabaka lililokufa tu. Pale karibu na mlango wa nyuma mpako ulikuwa umeinuka; nilikata sehemu iliyoachia, nikasafisha kutu, nikapaka praima ya epoksi (rangi ya msingi inayoshika chuma) na kuziba kwa mpako wa aina ileile. Kisha niliacha gari likauke siku nzima.

Rangi ya juu niliyochagua ni poliyurethani ya alifatiki, nyeusi, ya kuchanganywa na hadina, yaani kigumishi chake. Sikuipuliza. Hadina hiyo ina isosianati, na mvuke na ukungu wake huweza kumsababishia mtu pumu ya kudumu. Barakoa ya vumbi haizuii kitu hapo, na anayepuliza anahitaji barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje. Gereji nyingi ninazozijua hazina kifaa hicho, na inanisikitisha kuona vijana wakipuliza wakiwa wamejifunga kitambaa usoni. Nilitumia rola ya sponji, nje kwenye upepo, nikiwa na glavu na miwani, nikapaka mikono miwili, yaani matabaka mawili, myembamba. Nilianza alfajiri kivulini, kwa maana chuma kikishapata moto rangi hukauka juu kabla hewa haijatoka, ikatoa mapovu. Wenzangu wa Tanga na Dar es Salaam wana tatizo la pili, kwani hadina hukutana na unyevu wa hewani ikazalisha gesi ya kaboni dayoksaidi, nayo huacha mapovu vilevile. Mikono iwe myembamba kweli, kwa sababu rangi nzito hufukia chembe, na mzigo huanza kuteleza kila unapokanyaga breki.

Bodi sasa ni nyeusi yote. Mpaka wa ule mstatili siuoni tena kwa macho, ingawa nikipitisha kiganja juu yake nausikia, kwa kuwa chembe zilizokaa kivulini miaka yote zingali kali kidogo kuliko za jirani. Sanduku la vifaa nimelihamishia upande wa pili, na nitaliinua baada ya miaka miwili nilinganishe.