Rejista inaposema "sindano"

Jumatano, usiku

Neno lililonikaa kichwani leo ni "sindano". Kwenye jalada la kliniki limeandikwa: "Sindano – ndiyo." Likishahamishiwa kwenye kompyuta ya utafiti, mwenye jalada anahesabiwa miongoni mwa wanaojidunga unga. Lakini ukimuuliza mtu hapa Unguja "unachoma sindano?", mama anayechomwa ya uzazi wa mpango kila miezi 3 atajibu ndiyo, na hajasema uongo. Kwa upande wa pili yuko anayevuta kokteli tu, yaani unga uliochanganywa na bangi, hajajidunga hata siku moja, naye ameandikiwa "mtumiaji wa dawa za kulevya" na basi. Hata orodha ya kimataifa ya magonjwa, ICD-10, haituokoi: alama ya F11 inaeleza tatizo la heroini na jamii zake, haielezi limeingiaje mwilini.

Kwa hiyo fomu iulize mambo matatu mbalimbali. Anatumia nini, na itajwe heroini, si "dawa", kwani dawa hata panadoli ni dawa. Kwa njia gani: anavuta, anajidunga, au anadungwa na mwenzake. Hicho cha mwisho husahaulika mno, na khasa wanawake ndio wanaopotea hapo, maana mwengine hajawahi kulishika bomba la sindano kwa mkono wake. La tatu ni lini: aliwahi hata mara moja, au ndani ya siku 30 zilizopita? Aliyeacha miaka 4 nyuma na aliyejidunga asubuhi ya leo hawawezi kukaa safu moja.

Kisha kuna kisanduku kitupu, na hiki ndicho kinachoniuma zaidi. Tuseme majalada ni 200. Majalada 50 yana majibu chanya ya homa ya ini C, 110 hasi, na 40 hayana kitu. Ukivichukua vitupu kuwa hasi utapata asilimia 25. Ukigawa kwa waliopimwa tu, 160, ni asilimia 31. Kalamu haijagusa karatasi hata kidogo, na bado tumepata visiwa viwili tafauti. Fomu iwe na "hapana", "hakuulizwa" na "hakupimwa", kila kimoja na sehemu yake. Tafiti za Unguja zilizokuta VVU kwa asilimia 16 ya wanaojidunga mwaka 2007, na asilimia 11 hivi mwaka 2012, zilipima damu zenyewe. Anayetegemea majalada peke yake hana kinga hiyo.

Na hata hilo "chanya" la homa ya ini C halitoshi. Kipimo cha kingamwili huonesha kwamba mtu aliwahi kuambukizwa. Watu 3 hivi katika kila 10 hukiondoa kirusi wenyewe ndani ya miezi 6, na aliyetibiwa akapona hubaki na kingamwili zake. Lazima iandikwe ni kingamwili au ni RNA, yaani kipimo cha kirusi chenyewe, pamoja na tarehe.

Majina ni shughuli nyengine. Khamis Juma Khamis wa Wete akija mjini huandikwa Hamisi J. Hamisi, na akiwaogopa polisi hutoa jina la maskani. Asiyejua siku aliyozaliwa huwekewa 1 Januari. Matokeo yake mtu mmoja anakuwa watatu. Kinachosaidia ni namba ya siri inayoundwa upya kila akija: herufi 2 za jina la mama, 2 za shehia aliyozaliwa, mwaka wa kuzaliwa, jinsia. Zikilingana lakini majina yakitafautiana, jalada liangaliwe na mtu, lisiunganishwe na kompyuta peke yake.

Methadoni, dawa ya kunywa anayopewa mtu badala ya heroini, ambayo hospitali ya Kidongo Chekundu hapa Unguja ilianza kuitoa mwaka 2015, ina mitego yake. Dawa ya miligramu 5 kwa kila mililita, dozi ya miligramu 60 ni mililita 12. Rejista ikiandika "12" bila kipimo, mgonjwa anaonekana ameshushiwa dozi ghafla. "Saa 2" ya asubuhi huingizwa 02:00 badala ya 08:00. Alichoandikiwa na daktari si lazima awe amekinywa, kwa hiyo anayetaka kujua siku alizokosa asome daftari la dirishani, pale dozi inaponywewa. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, nayo huipunguza methadoni mwilini mpaka arosto, yale maumivu ya kukosa unga, ikarudi. Isipoandikwa, ongezeko la dozi litasomwa kana kwamba mgonjwa anataka kulewa tu, na huo ni udhalimu kwake.

Kuhakiki si jambo gumu. Chukua jalada 1 katika kila 10, kwa bahati nasibu. Mtu wa pili alisome karatasi bila kuona kilichoingizwa mwanzo, kisha hesabu makosa kwa kila swali, si kwa jumla. Jinsia itakuwa safi, "njia ya kutumia" ndiyo itakayovuja. Kosa likatwe kwa mstari mmoja ili liweze bado kusomeka, lisifutwe kwa rangi nyeupe, liwekwe tarehe na saini. Na ukilikuta neno "teja" juu ya jalada, likate vivyo hivyo, uandike pembeni anachotumia na kwa njia gani.