Watu watano, mfuko mwembamba: nilivyowalisha wageni wangu mjini Kobe, Japani

Ukiwa peke yako, kula mjini Kobe ni kazi nyepesi. Unasukuma mlango wa mgahawa wenye viti vinane vilivyopangwa mbele ya jiko, unabonyeza mashine ya tiketi za chakula, unapewa bakuli la tambi, na kabla jasho halijakauka uko barabarani tena. Hayo ndiyo maisha yangu tangu nije kusoma huku, na kichwani nilikuwa na orodha ndefu ya mahali pa yen 600 hadi 800. Mama aliponiambia anakuja pamoja na Shangazi, mdogo wangu wa kiume na mpwa wangu wa miaka sita, nikaipitia orodha ile na kuona haina kazi. Watu watano hawaenei kwenye kaunta ya viti vinane saa ya chakula. Mama na Shangazi hawali nguruwe wala chakula kilichotiwa pombe, samaki mbichi hawataki hata kumwona, na mtoto hajawahi kushika vijiti. Halafu ni watu wa Tanga, samaki akipikwa vibaya hawanyamazi.

Nilianza na Tabelog, mtandao ambao Wajapani wenyewe huutumia kupimia migahawa. Mgeni akiufungua mara ya kwanza huvunjika moyo, maana alama ni kati ya tano na karibu kila mgahawa una tatu na kitu. Ukweli ni kwamba wateja wa hapa ni wagumu wa kutoa alama: mgahawa wenye 3.5 ni mzuri sana, na wengi wenye 3.2 wanapika chakula safi cha kila siku. Ila alama hazikunifaa kama picha zilivyonifaa. Nilitazama picha za wateja nikitafuta mambo ambayo hakuna anayeyaandika: meza zinakaa watu wangapi, kuna ngazi mlangoni au hakuna, menyu ina picha au ni maandishi matupu ukutani, kuna ule ukumbi wa kukaa chini kwenye mikeka ya tatami. Hili la mwisho lilitufaa kuliko nilivyotarajia. Shangazi, ambaye maisha yake yote amekula mkekani, alikunja miguu akakaa vizuri kuliko vijana wa Kijapani waliokuwa meza ya jirani wakijinyoosha kila dakika.

Mtandao huo huo unaonyesha bei mbili kwa kila mgahawa, ya mchana na ya usiku, na hapo ndipo nilipopata njia. Mgahawa unaotoza yen 4,000 kwa mtu usiku, mchana unakulisha kwa 1,000 au 1,200. Jiko ni lile lile, mpishi ni yule yule, samaki wametoka soko moja. Tofauti ni kwamba usiku watu huagiza vinywaji na sahani ndogo ndogo, mchana wanataka mlo mmoja kamili warudi kazini. Tena migahawa mingi ya usiku, izakaya, hukuletea kijisahani usichokiagiza na kukitoza yen 300 hadi 500 kwa kila kichwa kama ada ya kukaa. Zidisha kwa watu watano. Na kwa kuwa izakaya ni mahali pa bia, Mama asingeingia hata wangemlipa yeye.

Basi nikaigeuza siku yetu: mlo mkubwa mchana, usiku chakula chepesi nyumbani. Migahawa mingi hufungua saa tano au tano na nusu asubuhi. Saa sita kamili ofisi zinafumuka na foleni inafika barabarani, kwa hiyo sisi tulikuwa mlangoni pazia la kufungua mgahawa likitundikwa. Kuanzia saa nane mchana migahawa midogo hufunga jiko mpaka saa kumi na moja jioni, na mingi ina siku yake ya mapumziko katikati ya wiki. Ukitoka na wazee kutembea, ukakumbuka njaa saa tisa, utaishia kununua mikate dukani.

Suala la nguruwe lilinipa kazi zaidi, kwa sababu hapa nguruwe hakai kwenye nyama peke yake. Yumo kwenye mchuzi wa rameni, zile tambi za supu, yumo kwenye mafuta ya kukaangia, yumo kwenye vidonge vya mchuzi wa kari. Kilichoniokoa ni majedwali ya mzio. Migahawa mikubwa yenye matawi nchi nzima huweka kwenye tovuti zao jedwali la kila chakula na vitu vinavyoweza kumdhuru mwenye mzio, na katika orodha ya serikali ya vitu vinavyopendekezwa kutajwa, nyama ya nguruwe na jelatini vimo. Jedwali halikuwekwa kwa ajili ya Waislamu, lakini linasema waziwazi chakula gani kina nguruwe, hata kama ni tone la supu. Pombe ya kupikia haimo humo. Kwa hiyo niliandika kadi kwa Kijapani, rafiki akanisahihishia: hatuli nguruwe, mafuta yake, wala chakula kilichotiwa mirin au sake (pombe za mchele), tunaomba mtuonyeshe tunachoweza kula. Ukiitoa kadi kabla ya kukaa, mhudumu anaipeleka jikoni na kurudi na jibu la kweli. Mara nyingine jibu ni samahani, hakuna. Unashukuru, unaondoka. Hakuna anayekununia.

Jibu lililokuwa "ndiyo" mara nyingi lilikuwa samaki wa kuchoma kwa chumvi. Ingia mgahawa wa teishoku, yaani mlo kamili kwenye trei moja, uagize samaki anayeitwa saba: ni ndugu wa kibua wetu, amepasuliwa, amepakwa chumvi, amechomwa mpaka ngozi inapasuka, na pembeni yake kuna wali, supu, achari na kipande cha limau au figili iliyokwaruzwa. Yen 900 hivi, na mahali pengine wali unaongezewa bure. Supu ya miso, ile ya soya iliyochachushwa, Mama aliisukumia kwa mdogo wangu, akisema harufu yake haimpendezi. Samaki alimla akabakiza mifupa iliyonyooka kama kitana. Mhudumu, mama wa makamo, alikuja kukusanya vyombo, akaitazama ile mifupa, akamwinamia Mama. Sijui walielewana nini, ila kila tulipopita mtaa ule Mama alitaka tupite mbele ya duka lile amsalimie.

Kobe ina jambo moja ambalo miji mingi ya Japani haina. Juu kidogo ya stesheni ya Sannomiya, katikati ya mji, ukielekea mtaa wa Kitano, kuna msikiti wa kwanza kujengwa Japani, uliofunguliwa mwaka 1935. Ulisalimika mabomu ya 1945 yalipoteketeza mji, na tetemeko la Januari 1995 halikuuangusha. Wafanyabiashara Waislamu, wengi wao kutoka India, ndio waliochangia ujenzi wake, na mpaka leo mitaa inayouzunguka ina maduka ya nyama ya halali, mchele wa basmati, bizari, iliki na tende. Tuliswali Ijumaa pale, tukatoka tukafuata harufu. Migahawa ya kari ya Kihindi ya mji huu, ambayo mingi inaendeshwa na Wanepali, ina mlo wa mchana wa kari moja au mbili, saladi, kinywaji na mkate wa naan mkubwa kuliko uso wa mtoto, kwa yen 900 mpaka 1,100. Pengine naan unaongezewa mpaka ushindwe. Uliza kuhusu nyama hata kama jina la mgahawa ni la Kihindi, kwani si wote wanaotumia ya halali. Siku hiyo Mama alikula bila kuuliza chochote, na mimi ndiyo mara ya kwanza nilikula nikiwa nimekaa vizuri kwenye kiti.

Sushi ya mkanda, ambapo sahani hupita mbele ya meza juu ya mkanda unaotembea, niliiacha mpaka walipozoea mji. Nilijua Mama hataki samaki mbichi, lakini nilijua pia kwamba nusu ya vitu vinavyopita pale vimeiva: kamba wa kuchemsha, yai la kukaanga, mahindi, viazi, tambi za moto. Bei inaanzia yen 100 na kidogo kwa sahani, unaagiza kwenye skrini yenye lugha kadhaa, meza ni za familia, na Kura Sushi, mgahawa mmojawapo wa matawi, wana mchezo ambao kila ukitumbukiza sahani tano kwenye tundu, mtoto anabahatisha zawadi. Mpwa wangu alitulazimisha kula kwa hesabu za tano tano. Hatari ni moja. Kwenye kila meza kuna bomba dogo lenye kitufe cheusi, na mtu wa pwani akiona bomba mezani, mkono unakwenda wenyewe kunawa. Hayo ni maji ya moto ya chai! Nilimdaka Shangazi mkono kwa ghafla mpaka watu wakageuka. Mwanzilishi wa sushi ya mkanda, Yoshiaki Shiraishi, alifungua mgahawa wake wa kwanza mwaka 1958 huko Higashiosaka, si mbali na hapa, na wazo lilimjia baada ya kuona chupa zikitembea kwenye kiwanda cha bia. Hilo la bia Shangazi sikumwambia.

Siku moja ya mvua niliwapeleka kantini ya chuo. Vyuo vingi vya Japani haviulizi kitambulisho mlangoni mwa kantini, wazee wa mtaani huja kula na watoto wa shule huja na walimu wao. Mlo wa yen 500 au 600 unautoa mwenyewe: unapita na trei, unachukua sahani ya samaki, bakuli la wali kwa ukubwa unaoutaka, mchicha uliomwagiwa ufuta, unalipa mwisho wa foleni. Kila sahani ina kibao cha bei na alama za vilivyomo. Baadhi ya vyuo vina pia chakula cha halali kwa ajili ya wanafunzi wa kigeni. Mama alitaka kujua nakaa meza ipi. Nikamwonyesha. Akakaa pale pale.

Usiku tulikula nyumbani, na hapo mwalimu ni supamaketi. Kuanzia saa moja jioni mfanyakazi anapita na bunda la stika akizibandika kwenye samaki wa kuchoma, tempura (vya kukaanga kwa unga) na saladi kuonyesha bei imepunguzwa: kwanza asilimia ishirini, halafu thelathini, na karibu na kufunga, nusu bei. Ukisimama karibu naye usimsonge, jifanye unachagua vitunguu, wenyeji wote wanajifanya hivyo. Kodi nayo ni ndogo, asilimia 8 kwa chakula cha kubeba badala ya 10 ya kukaa mgahawani. Mchele wa dukani Mama aliupika kwa nazi ya kopo, na wali wa Kijapani kwa nazi, niseme ukweli, unanata lakini unakubali.

Kama ningeambiwa nichague mlo mmoja tu wa safari nzima ningechagua Akashi. Ni mji jirani, robo saa hivi kwa treni ya haraka ya kampuni ya reli ya JR kutoka Sannomiya, reli ikiambaa na bahari upande wa Suma, kisha daraja refu la Akashi Kaikyo linatokea. Karibu na stesheni kuna soko lililoezekwa, Uonotana, ambapo samaki bado wanarukaruka kwenye trei na pweza wanatambaa nje ya ndoo zao. Pweza wa mlango huu wa bahari wanasifika Japani nzima. Mama na Shangazi walisimama mbele ya muuzaji wakambonyeza pweza kwa macho, maana kwa mkono hairuhusiwi, wakabishana kama wa Tanga ni mnene zaidi. Chakula cha hapo ni akashiyaki: vidonge vya yai laini vyenye kipande cha pweza ndani, vinaletwa juu ya ubao ulioinama, unavichovya kwenye mchuzi mwepesi wa moto. Kwenye duka tulilokaa kadi yangu ilirudi na jibu kwamba mchuzi una mirin, basi wakatuletea chumvi badala yake. Kitu kidogo cha yen mia saba, mia nane hivi, na wazee wakaagiza tena.

Mdogo wangu yeye alikuwa na wimbo mmoja tu: nyama ya Kobe. Ni ng'ombe wa Tajima, waliozaliwa na kulelewa mkoa huu wa Hyogo, na si kila ng'ombe wa Tajima anayefaulu kupewa jina hilo. Usiku kwenye bamba la chuma mbele ya mpishi, mtu mmoja hutumia yen 10,000 na kuendelea. Mchana inashuka, lakini bado ni elfu kadhaa, na kwa bei hiyo ningewalisha wote samaki wa kuchoma nikabaki na chenji ya kahawa. Nilimwambia anaweza kwenda mwenyewe, mchana, kwa hela yake, nami nitamsindikiza mpaka mlangoni. Akaanza kuhesabu noti. Mama akamuuliza, bila kuinua macho kutoka kwenye chai yake, "Na aliyemchinja ni nani?" Akazirudisha noti mfukoni, akaomba tupite supamaketi kabla stika hazijaisha.