Sikukuu yetu huanza akiamka

Mwaka huu zamu ya sikukuu ilikuwa yangu. Mama yake mwanangu na mimi tulitengana bila vita, tukakubaliana kwamba sikukuu kubwa tutapokezana: mwaka huu kwangu, mwakani kwake. Basi nikawa na mtoto wa miaka miwili na ushei, kutwa nzima, peke yangu, na ukoo mzima ukinipigia simu kuuliza mambo yanaanza saa ngapi.

Kila aliyepiga nilimjibu hivyohivyo: akishaamka.

"Akishaamka asubuhi?" mama akauliza.

"Hapana, mama. Akishaamka usingizi wa mchana."

Akanyamaza kidogo. "Baba, sikukuu haimsubiri mtoto."

Yangu ilimsubiri, na sikuona haya. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 unasema mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili anahitaji saa 11 hadi 14 za usingizi kwa siku, usingizi wa mchana ukiwemo. Wangu ukimkosesha ule wa mchana, jioni yake naijua kwa moyo. Kwanza anafikicha jicho moja kwa kiganja. Halafu anavuta sikio. Anaomba maji, akipewa anasukuma kikombe, kikiondolewa anakililia. Mwisho anajibwaga sakafuni kwa sababu soksi imepinda. Penye wazazi wawili, mmoja humbeba akaenda naye chumbani, mwingine akabaki na wageni. Mimi nikimbeba, mwenyeji ameondoka na sebule imebaki ikitazamana.

Kwa hiyo nilitangaza sherehe ya saa tisa alasiri hadi saa kumi na mbili jioni. Baada ya hapo mtoto anaoga, analala, na anayetaka kubaki na mimi karibu sana. Wapo walionuna. Shangazi mmoja alisema hajawahi kuona sikukuu yenye saa ya kufungwa. Alikuja, tena mapema kuliko wote.

Mapishi niliyamaliza usiku wa kuamkia siku yenyewe, mtoto akiwa amelala. Hili naona ndilo lililoniokoa kuliko jingine lolote. Kupika kwa ajili ya wageni huku mtoto wa umri huo anakuzunguka miguuni, na hakuna mtu mzima mwingine nyumbani, ni kutafuta ajali ya maji ya moto. Njia rahisi ingekuwa kumpa simu atazame vikatuni, lakini mwongozo huohuo unataka mtoto wa miaka miwili asizidishe saa moja ya skrini kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Saa yangu hiyo nilitaka kuitumia kwa jambo jingine, nitalieleza. Siku yenyewe kazi ya jikoni ilikuwa kupasha moto tu. Yeye nikampa kazi yake: bakuli la plastiki, mwiko, na maji kidogo. Alikoroga kwa bidii ya mtu anayelipwa.

Kuhusu msaada nina neno. Watu wote walinikumbusha kwamba mkono mmoja haulei mwana, kisha wakaendelea na mazungumzo yao. Nimegundua kwamba ukimwambia mtu "nisaidie", anakuuliza "nikusaidie nini?", na wewe wakati huo huna hata nafasi ya kufikiri. Siku hizi naomba kwa kutaja kazi na saa. Dada yangu nilimwambia aje saa nane na nusu, akae sebuleni ili mimi nioge. Binamu nikamkabidhi mlango: kila anayeingia au kutoka, aufunge. Kaka yangu alipewa vyombo. Hakuna aliyekataa, na nadhani hata wao walifurahi kujua mwisho wa wajibu wao uko wapi.

Jambo gumu lilikuwa mapokezi. Mtoto ametoka usingizini, macho bado mazito, anakuta sebule imejaa watu wakubwa wanaopiga vigelegele na kunyoosha mikono. Aling'ang'ania shingo yangu, akaficha uso. Shangazi akataka kumpokea kwa nguvu: "Njoo kwa bibi, au hunipendi?" Nikamwambia, "Shangazi, kaa tu, atakuja mwenyewe." Nikaketi chini naye mapajani, nikaendelea kuongea na watu kana kwamba hayupo. Akachungulia. Akashuka. Akaenda moja kwa moja kwa mjomba ambaye hakuwa amemsemesha kabisa, akampa kijiko. Shangazi alipata zamu yake baadaye, naye kwa kijiko.

Zawadi niliwaomba wanikabidhi mimi mlangoni, nikaziweka juu ya kabati. Alifungua moja tu siku ile, na hiyo moja ilimtosha: alichana karatasi vipande vidogovidogo, akaingia ndani ya boksi, akatoka, akaingia tena. Kilichokuwemo alikigusa siku iliyofuata. Nyingine nampa mojamoja kadiri siku zinavyokwenda.

Kuziweka juu kulikuwa na sababu nyingine pia. Kila kinacholia au kuwaka taa nilitaka kukikagua kwanza, kwa sababu ya zile betri ndogo za mviringo, bapa kama kitufe. Hata kadi za sikukuu zinazoimba huwa nazo. Mtoto akiimeza ikakwama kwenye umio, huweza kuunguza nyama za ndani kwa muda wa saa mbili tu, hata ikiwa imeshaisha nguvu ya kuwasha kifaa. Ukishuku kwamba amemeza, ni hospitali mara moja, wala usimtapishe. Mimi chenye kifuniko cha betri kisichofungwa kwa skrubu hakishuki kabatini. Maputo nayo niliyakataa, maana kipande cha puto lililopasuka hunasa kooni vibaya sana. Ukubwa wa vitu vingine naupima kwa kile kibomba cha katikati ya karatasi ya chooni: kinachopita ndani yake, kinapita pia mdomoni mwake. Mikoba ya wageni nayo ilitundikwa juu, maana wazee wetu hutembea na dawa zao. Hakuna aliyeudhika nilipoeleza sababu.

Saa kumi na moja tulimpigia mama yake kwa video. Hii ndiyo saa ya skrini niliyoitunza. Tulikuwa tumepanga muda huo kabla, kwa sababu akipigiwa wakati amechoka huwa analia simu ikikatwa, na kilio hicho hakimfai yeyote kati yetu watatu. Alimwonyesha boksi. Mama yake akalisifia boksi. Shangazi akataka kuichukua simu atoe salamu ndefu. Nikamwambia salamu zimefika.

Saa kumi na mbili nikaenda kumwogesha. Wageni wengine wakaaga, na dada na kaka wakabaki. Alipolala ndipo nami nikala sahani nzima nikiwa nimeketi, tukaongea mambo ya wakubwa mpaka usiku. Sehemu hii niliipanga kwa makusudi. Watu huuliza sana habari za mtoto wa mzazi mmoja siku ya sikukuu. Mtoto hana neno, ana boksi lake. Anayeukuta ukimya saa mbili usiku ni mzazi, na mimi naujua ukimya huo tangu mwaka jana, mtoto alipokuwa kwa mama yake.

Mwakani ni zamu ya mama yake tena. Tumeshaelewana kwamba mimi nitafanya sikukuu yangu na mtoto Jumamosi itakayofuata, kwa kuwa mtoto wa umri wake hana kalenda, na pambo likitundikwa Jumamosi kwake ni sikukuu tosha. Akifika umri wa kuhesabu siku tutakaa tupange upya. Shangazi ameshapata habari, ameniuliza kama Jumamosi hiyo tunaweza kuanza asubuhi. Nimemwambia saa tisa.