Timu yangu ilipofungiwa mpaka: nilivyoifuata na hesabu niliyoiweka

Mimi ni shabiki wa Toronto Blue Jays, timu ya besiboli ya Canada, lakini naishi Buffalo, jimbo la New York, upande wa Marekani. Mtu akiona ajabu namwambia aangalie ramani. Ukivuka Peace Bridge, daraja la mpakani, Toronto ni kama saa mbili kwa gari, na timu ya hapa mjini, Buffalo Bisons, tangu 2013 ndiyo inayowanoa vijana wa Blue Jays kabla hawajapandishwa ligi kuu. Mimi nimekulia Nyarugusu, kambi iliyoko Kasulu, ambako mpira ni wa miguu na ubishi ni wa Simba na Yanga kupitia redio. Besiboli nimefundishwa ukubwani, kwenye ghala tunakofanya kazi usiku, na mzee mmoja wa Puerto Rico ambaye haamini kama Mungu aliumba mchezo mwingine.

Kabla ya korona tulikuwa tukibishana mambo ya kawaida: nani anarusha vizuri, nani kazeeka. Kuanzia Machi 2020 ubishi wa chumba cha mapumziko ukaharibika kabisa. Ukisema timu isajili wachezaji wa bei, unaambiwa wewe ndiye unayetaka serikali ifunge biashara za watu. Ukisema watu wavae barakoa, unaambiwa ndiyo maana huoni tatizo matajiri kupewa pesa. Mambo mawili, pesa za timu na masharti ya korona, yalikuwa yamefungwa kamba moja, na hakuna aliyekuwa na nia ya kuifungua.

Nilichofanya ni kununua daftari. Kila uamuzi uliotangazwa, uwe wa timu au wa serikali, niliuandikia mambo matatu: nani kaamua, nani analipa, na mambo yakiharibika hasara inabaki kwa nani. Basi. Sikuwa na elimu ya uchumi, na redio ya kazini niliisikiliza kwa sikio moja, la pili likimsikiliza msimamizi. Lakini daftari lile ndilo lililoniwezesha kubishana miaka mitatu bila kupigana na mtu.

Ukurasa wa kwanza ni wa mishahara. Blue Jays walikuwa wamemsajili mrushaji wa Korea Kusini, Hyun-Jin Ryu, Desemba 2019, miaka 4 kwa dola milioni 80. Korona ikaja, msimu wa mechi 162 ukakatwa hadi 60, na wachezaji wakakubali kulipwa kwa kadiri ya mechi zitakazochezwa. Maana yake Ryu, aliyekuwa achukue milioni 20, akapata kama milioni 7 na laki 4. Wenye timu hawakutosheka. Walitaka wachezaji wakatwe tena, kwa kuwa viwanja havitakuwa na watu. Kazini wengi walikuwa upande wa wenye timu: “Milioni saba kwa miezi miwili, halafu analia nini?” Mimi nilikataa, na bado nakataa. Uwanja unapofurika, hakuna mwenye timu anayewaita wachezaji akawaambia njooni tugawane ziada. Faida ikiwa ya kwako peke yako, hasara nayo iwe yako.

Na kama mtu anataka kujua ubahili unafanana na nini, asiangalie milioni, aangalie dola 400. Hizo ndizo vijana wa ligi za chini walizokuwa wakipewa kwa wiki msimu wao uliposimama. Mei 2020 mmiliki wa Oakland Athletics, John Fisher, ambaye ukoo wao ndio wenye maduka ya nguo ya Gap, alitangaza kuzisitisha. Alipigiwa kelele nchi nzima, akarudi nyuma na kuomba radhi. Dola 400 kwa wiki! Mimi nilikuwa napata zaidi ya hizo kwa kupanga maboksi.

Halafu likaja suala la mpaka, na hapo liliniingia nyumbani.

Mtoto wa mama yangu mdogo anaishi Hamilton, Ontario, na ni dereva wa lori. Tumelala mkeka mmoja Nyarugusu. Kwetu huyo ni ndugu, hakuna neno jingine. Mpaka wa barabara ulipofungwa kwa wasiokuwa na shughuli za lazima, Machi 2020, yeye aliendelea kuvuka kwa sababu ya mizigo. Mimi sikuweza. Hata Canada ilipolegeza baadaye kwa familia, iliwataja wazazi, wenzi, watoto, ndugu wa baba au mama mmoja. Mtoto wa mama mdogo hakumo. Kwa hiyo tulikuwa tukionana kwenye kituo cha malori, kila mmoja na barakoa yake, yeye ananipa mfuko wa dagaa wa Kigoma aliowapata duka la Hamilton, mimi nampa unga wa muhogo, tunasimama mbali kidogo kama watu wanaodaiana.

Julai 18, 2020, serikali ya Canada ikaikatalia Blue Jays kucheza mechi za msimu Toronto. Sababu yao ilikuwa kwamba timu zingekuwa zinavuka mpaka kwenda na kurudi kila wiki, zikitoka miji ya Marekani ambako maambukizi yalikuwa juu. Mzee wangu wa Puerto Rico alikasirika kweli. Mimi nilifurahi, ingawa ni timu yangu. Kama mpaka haunifungukii mimi nikamwone ndugu yangu, usimfungukie mtu kwa sababu ana mkono wa kurusha mpira kwa kasi. Na haikupita hata wiki mbili, kikosi cha Miami Marlins kikakumbwa na korona kikiwa safarini Philadelphia, wachezaji zaidi ya kumi, ratiba ikavurugika. Kazini siku hiyo sikusema kitu. Nilifungua tu daftari mezani.

Uamuzi huo ndio ulioileta timu Buffalo. Uwanja wa Sahlen Field ni mali ya jiji, umefunguliwa 1988, na haukuwa na hadhi ya ligi kuu: taa hafifu, vyumba vya kubadilishia nguo vidogo. Ukarabati ulilipiwa na timu na ligi. Hilo nililiandika kwa wino mwekundu, kwa sababu mambo hayaendi hivyo kwa kawaida hapa kwetu. Machi 2022 ulitangazwa mpango wa uwanja mpya wa Buffalo Bills, timu ya futiboli ya Kimarekani, na katika makadirio ya dola bilioni 1.4 umma ulibebeshwa milioni 850: 600 za jimbo, 250 za kaunti. Sina ugomvi na Bills, mke wangu anawapenda. Lakini aliyenieleza kwamba misaada ya korona ingeharibu watu kwa kuwapa pesa za bure, ndiye huyo huyo aliyeshangilia habari ya uwanja.

Agosti 2020 mechi zilichezwa bila mashabiki. Mara nyingine nikienda kazini nilipita karibu na uwanja, taa mpya zinawaka mpaka barabarani, na unazisikia kelele za watu zikitoka kwenye spika. Ligi kuu ilikuwa haijachezwa Buffalo tangu 1915, ilivyokuja tukafungiwa nje. Timu iliingia mtoano, kisha Tampa Bay Rays wakaitoa kwa mechi mbili. Ryu mwenyewe akafungwa saba kabla hajamaliza hata awamu ya pili kati ya tisa za mechi. Rays hao ni kati ya timu zinazolipa mishahara midogo kabisa kwenye ligi, na walifika fainali. Wakafungwa na Los Angeles Dodgers, walio kwenye kundi la wanaolipa mikubwa kabisa, ambao Julai ile ile ya korona walikuwa wamempa Mookie Betts miaka 12 kwa dola milioni 365. Boston Red Sox, timu yake ya awali, walimwachia mtu kama huyo aondoke, timu tajiri isiyo na kisingizio. Nilisema wakati ule, nasema tena: fukara hodari anaweza kukufikisha fainali, lakini mwaka baada ya mwaka anayeweka pesa mezani ndiye anayecheza Oktoba, mwezi wa mtoano.

Ndiyo maana Januari 2021 Blue Jays walipomsajili George Springer, miaka 6 kwa dola milioni 150, nilishangilia. Mzee akanicheka mpaka Juni, kwa sababu Springer aliumia, akapona, akaumia tena. Pesa ni kama mbegu, mvua huiamrishi. Lakini asiyepanda hana hata cha kulalamikia.

Msimu ule wa 2021 timu ilikuwa na nyumba tatu: Dunedin huko Florida, kisha Buffalo kuanzia Juni 1, kisha Toronto. Buffalo safari hii tuliruhusiwa kuingia, kwa nafasi, na nikaona ligi kuu kwa macho yangu nikiwa nimekaa dakika chache kutoka nyumbani. Vladimir Guerrero Jr. akiupiga mpira vizuri, hausikii mlio wa gongo tu, unausikia kifuani. Nilikwenda na watoto. Wao walipenda zaidi soseji.

Julai 16 Canada ikaipa timu ruhusa maalumu ya kurudi, hata wachezaji ambao hawakuchanja, kwa masharti ya vipimo na kutotembea hovyo. Mechi ya kwanza ikawa Julai 30, baada ya siku 670, mashabiki wasiozidi 15,000. Sisi wakazi wa Marekani tuliochanja kikamilifu tuliruhusiwa Agosti 9. Hapo serikali ile ile niliyoitetea mwaka uliotangulia nikaipinga. Siku kumi si nyingi. Kilichonikera ni kwamba asiyechanja mwenye mkataba alivuka kabla ya aliyechanja mwenye ndugu.

Kuvuka kwenyewe kulihitaji mpango, na naueleza kwa sababu watu wetu wengi walikwamia hapo. Kadi yangu ya chanjo iliandikwa kwa mkono, na muuguzi alikuwa amegeuza majina, la ukoo limekaa mahali pa la kwanza. Sisi wa majina matatu tunalijua tatizo hilo. Nilirudi duka la dawa na kadi ya makazi, nikakaa mpaka wakaandika upya, kwa sababu wakati ule picha ya kadi ndiyo uliyoipakia kwenye programu ya ArriveCAN na afisa alikuwa akilinganisha herufi kwa herufi. Kipimo nacho kilitakiwa kiwe cha ndani ya saa 72, na majibu yalikuwa yakichelewa. Niliacha kupima mwishoni mwa wiki. Nikapima Jumatano asubuhi, majibu yakaja Alhamisi usiku, Ijumaa nikawa darajani. Kipimo kilinigharimu kuliko tiketi ya mechi. Ndugu yangu alinisubiri upande wa pili, na hatukusimama mbali tena.

Timu ilikosa mtoano kwa mechi moja. Toronto ilikuwa imeshinda 25 na kupoteza 11 nyumbani kwake halisi, na kwingine haikuwa na makali hayo, kwa hiyo mashabiki wengi wanasema serikali ndiyo iliyowanyang’anya nafasi. Kwa hesabu tupu wana hoja. Nami huwajibu kwamba mechi moja ilipotea pia mikononi mwa warushaji wa akiba mwezi Mei, na hakuna waziri aliyekuwa uwanjani.

Mwaka 2022 ndio ulionipa shida zaidi. Mgeni asiyechanja hakuruhusiwa kuingia Canada, kwa hiyo timu zilikuja Toronto pungufu, na aliyebaki hakulipwa kwa mechi hizo. Julai Kansas City Royals waliacha wachezaji 10. Mmoja wao, Whit Merrifield, alidokeza kwamba angefikiria kuchanja kama angekuwa kwenye timu yenye nafasi ya ubingwa. Agosti 2 akauzwa, akapelekwa wapi? Toronto! Akachanja. Kazini tulicheka mpaka msimamizi akaja.

Lakini wenzake ndugu yangu, madereva, hawakuwa wakicheka. Tangu Januari 15 mwaka huo sheria hiyo iliwabana na wao, na dereva wa lori hana timu ya kumpigania. Binafsi niliunga mkono chanjo tangu mwanzo na nilichanja mapema. Ila kufikia katikati ya 2022 waliochanja walikuwa wakiambukizwa na kuambukiza kila siku. Chanjo iliendelea kuzuia ugonjwa mkali, lakini sababu ya kuiweka getini mpakani ilikuwa imepungua. Sheria iliondolewa Oktoba 1. Mimi ningeiondoa majira ya kuchipua. Mzee aliposikia nikisema hivyo alidhani nimehamia upande wake, mpaka nilipomfungulia ukurasa wa 2020.

Daftari bado ninalo. Ukurasa ninaoupenda ni wa uwanja wa Toronto wenyewe: ulifunguliwa 1989 kwa gharama ya takriban dola milioni 570 za Canada, nyingi za umma, na kampuni ya Rogers, wenye timu, waliupata baadaye kwa milioni 25. Kwa hiyo Aprili 2025 walipompa Guerrero miaka 14 kwa dola milioni 500 za Marekani, na watu kazini wakashika vichwa, mimi niliwaambia wawaache walipe, hizo safari hii ni za Rogers wenyewe. Ndugu yangu, ambaye simu na intaneti za nyumbani kwake Hamilton ni za Rogers, alinipigia jioni kunisahihisha. Anasema malipo ya mwezi wa mwanzo ameshayalipa yeye.